Kijana wetu ameachishwa jeshi kule Marekani kabla ya wakati: je, karatasi yake inaweza kusahihishwa?

Makanisa yetu mengi ya Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika yana watoto wao Marekani. Walipitia makambi ya Tanzania, Burundi, Uganda na Rwanda, wakapokelewa kule kama wakimbizi, na leo wanatupigia simu kutoka Texas, Kentucky, Iowa, Arizona na Maine. Kati yao wako vijana walioingia jeshi la nchi ile. Sheria inawaruhusu: mtu asiye raia anaweza kuandikishwa, mradi ana karatasi ya ukaaji wa kudumu, ile wanayoiita kadi ya kijani.

Siku kijana anapoingia jeshini, picha ya sare inazunguka kwenye simu za jamaa wote. Siku anapotoka kabla ya wakati, hakuna picha. Ananyamaza, anabadilisha mji, hapokei tena simu za mama yake. Baadaye jamaa wanasikia kwa watu wengine kwamba «amefukuzwa». Neno hilo linabaki juu yake, na mara nyingi yeye mwenyewe anaamini kwamba hakuna la kufanya.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya wazazi, wachungaji na wazee wa kanisa ambao wana mtoto katika hali hiyo. Jambo kubwa tunalotaka mkumbuke ni hili: neno lililoandikwa kwenye karatasi ya kutoka jeshini si hukumu ya mwisho. Kuna njia ya sheria ya kuomba libadilishwe, na ombi lenyewe halilipiwi. Lakini njia hiyo ina muda wake na inataka ushahidi. Sehemu ya ushahidi huo inaweza kuwa mikononi mwetu sisi tuliobaki nyumbani.

Karatasi yenyewe

Kila askari wa Marekani anayetoka katika utumishi wa kila siku hupewa karatasi inayoitwa DD-214. Inaeleza aliingia lini, alitoka lini, alifanya kazi gani, na kwa sababu gani aliondoka. Iko nakala fupi na nakala ndefu. Nakala fupi haionyeshi sababu ya kuondoka, kwa hiyo anayetaka kuomba masahihisho atafute ile ndefu.

Kwenye nakala ndefu, kijana aangalie sehemu nne. Namba 24 inaonyesha sifa ya utumishi wake, yaani daraja la kuachishwa. Namba 26 ni alama ya siri inayotaja aina ya kuondolewa. Namba 27 inasema kama anaweza kuandikishwa tena. Namba 28 inaandika sababu kwa maneno. Wengi wanasoma namba 24 peke yake, kumbe kinachowaumiza wanapotafuta kazi kinaweza kuwa kile kilichoandikwa namba 28. Vyote vinaweza kuombewa masahihisho.

Madaraja ya kuachishwa

La kwanza ni kuachishwa kwa heshima. La pili linaitwa la jumla, chini ya masharti ya heshima: utumishi ulikuwa mzuri kwa sehemu kubwa, lakini palikuwa na kasoro. La tatu ni kuachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima. Hili hutolewa na wakubwa wa kijeshi bila mahakama, na linaharibu mengi. La nne, la mwenendo mbaya, na la tano, la fedheha, hutolewa na mahakama ya kijeshi peke yake.

Nje ya hayo matano kuna hali ya wale waliotoka mwanzoni kabisa, wakiwa bado katika mafunzo au muda mfupi baada yake. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa siku 180 za kwanza. Hao kwa kawaida hupewa karatasi isiyo na sifa: haisemi vizuri wala vibaya. Mzazi asikie vema hapo. Mtoto aliyerudishwa kutoka mafunzoni na karatasi ya namna hiyo hakuhukumiwa kuwa mhalifu. Hata ofisi ya serikali inayowahudumia waliokuwa askari haimhesabu kati ya walioachishwa kwa aibu.

Ila karatasi hiyo nayo inaweza kuficha udhulumu. Tuseme kijana ameumia goti au mgongo katika mafunzo, au amevunjika moyo mpaka akili ikatikisika, halafu wakaandika tu kwamba «ameshindwa kuzoea» au kwamba ana tabia isiyofaa kwa jeshi. Kama ukweli ni kwamba aliumia akiwa kazini, anaweza kuomba sababu ibadilishwe iwe ya ugonjwa. Kugeuza karatasi isiyo na sifa iwe ya heshima ni vigumu, na hutokea mara chache. Kusahihisha sababu kunaweza kuwa na nguvu zaidi, maana jeraha lililopatikana kazini lina haki zake za matibabu na malipo hata kwa mtu aliyetumika siku chache.

Kwa nini neno moja lina uzito

Uzito wa kwanza ni wa maisha ya kila siku. Msaada mkubwa wa kulipiwa masomo unataka daraja la heshima; la pili halitoshi. Aliye katika daraja la tatu anaweza kunyimwa karibu misaada yote mpaka ofisi ichunguze habari zake upya. Waajiri wengi pia huomba kuona DD-214.

Uzito wa pili unawagusa watoto wetu kuliko wenyeji: ni uraia. Sheria ya Marekani inampa askari mgeni njia fupi ya kuwa raia kwa sababu ya utumishi wake. Kwa amri ya mwaka 2002, muda wote tangu tarehe 11 Septemba 2001 unahesabiwa kuwa wakati wa uhasama, na hilo limefungulia njia hata wale waliotumika muda mfupi. Lakini utumishi lazima uwe wa heshima. Daraja la kwanza na la pili yote yanakubaliwa. La tatu linafunga mlango huo. Tena, aliyekwisha kupata uraia kwa njia ya jeshi anaweza kunyang'anywa akiachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Mwenye karatasi isiyo na sifa asijihukumu mwenyewe kwamba hastahili, bali amwulize avoka wa mambo ya uhamiaji.

Kwa sababu hiyo, kijana wetu ambaye si raia asipeleke ombi lolote, wala la uraia wala la kusahihisha karatasi, kabla ya kuonana na avoka anayejua mambo yote mawili. Maneno atakayoandika kwenye dosie moja yanaweza kusomwa kwenye nyingine.

Uongo wa miezi sita

Askari wengi huambiwa siku ya kutoka: «Usijali, baada ya miezi sita karatasi itajibadilisha yenyewe kuwa ya heshima.» Si kweli. Hakuna karatasi inayojibadilisha, hata baada ya miaka ishirini. Anayengoja bila kuomba anapoteza muda wake wa kuomba.

Mabaraza mawili na muda wake

Kila tawi la jeshi lina mabaraza mawili ya kusikiliza maombi haya.

Baraza la kwanza ni la kupitia upya kuachishwa. Lilianzishwa na sheria ya mwaka 1944, ile iliyowawekea askari wa Vita Kuu ya pili misaada ya masomo na nyumba. Ombi hujazwa kwenye fomu DD-293, na lazima lifike ndani ya miaka 15 tangu siku ya kuachishwa. Baraza hili linaweza kupandisha daraja na kubadilisha sababu. Haliwezi kushusha daraja, kwa hiyo asiogope kwamba akiomba watamfanyia vibaya zaidi. Lakini halisikilizi aliyeachishwa na mahakama kuu ya kijeshi, wala haliwezi kuandika kwamba mtu aliondolewa kwa ugonjwa.

Mwombaji anaweza kutaka wasome dosie yake tu, au kutaka asikilizwe mwenyewe. Anayeanza na kusomewa dosie akakataliwa bado anaweza kuomba kusikilizwa, kama miaka 15 haijaisha. Anayeanza na kusikilizwa hawezi kurudi nyuma. Ndiyo maana wanasheria wengi hushauri kuanza na dosie.

Baraza la pili ni la kusahihisha kumbukumbu za kijeshi. Fomu yake ni DD-149. Muda wake ni miaka 3 tangu siku mtu alipotambua kosa, lakini baraza linaweza kusamehe kuchelewa likiona haki inadai hivyo, na hufanya hivyo mara nyingi. Lina mamlaka mapana zaidi: linaweza kuandika kuachishwa kwa ugonjwa, na linasikiliza pia waliopita miaka 15. Ambaye bado yuko ndani ya miaka 15 anatakiwa kwanza apitie baraza la kwanza.

Jibu huchukua miezi mingi, na mara nyingine zaidi ya mwaka.

Baraza linapima nini

Baraza linaanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya sawasawa. Mzigo wa kuonyesha kosa uko kwa mwombaji. Kwa hiyo barua inayosema tu «naomba mnihurumie, nimeteseka» haitoshi.

Mambo mawili yanapimwa. La kwanza ni uhalali: je, jeshi lilifuata sheria zake lenyewe? Je, kijana alielezwa haki zake, na alipewa nafasi ya kuonana na mwanasheria pale sheria ilipotaka hivyo? La pili ni haki: hata kama sheria ilifuatwa, je, adhabu ililingana na kosa, ukihesabu utumishi wake wote na hali aliyokuwa nayo?

Kuhusu hilo la pili, wakubwa wa wizara ya ulinzi wametoa maagizo matatu ambayo kila mwombaji ayajue. La mwaka 2014, la waziri Chuck Hagel, lilitaka mabaraza yawafikirie kwa upole wale waliokuwa na ugonjwa wa akili unaofuata mateso makubwa, ambao madaktari wanauita PTSD. La mwaka 2017 likapanua upole huo kwa magonjwa mengine ya akili, kwa walioumia ubongo, na kwa walionajisiwa au kusumbuliwa kimwili wakiwa jeshini. La mwaka 2018 likaeleza namna ya kuhesabu haki na rehema, pamoja na mwenendo mzuri wa mtu tangu alipotoka.

Agizo la 2017 linaongozwa na maswali manne. Je, mwombaji alikuwa na ugonjwa au jambo lililompata linaloweza kueleza kosa lake? Je, lilikuwapo wakati wa utumishi? Je, kweli linaeleza kosa lile, au linapunguza uzito wake? Na je, lina uzito kuliko sababu ya kuachishwa? Dosie nzuri inajibu maswali hayo manne moja baada ya jingine. Aliyetoroka siku tatu baada ya kunajisiwa ana jibu. Aliyeiba mali kwa mpango wa miezi mingi atapata shida kusema ni ugonjwa.

Kwa waliohukumiwa na mahakama ya kijeshi siku hizi, mabaraza hayafuti hatia. Yanaweza tu kupunguza adhabu, yaani kuboresha daraja kwa rehema.

Kutengeneza dosie

Kijana asiandike ombi kwanza. Aanze kwa kuomba kumbukumbu zake zote: za utumishi na za hospitali ya jeshi. Huombwa kwa fomu SF-180 kwa hifadhi ya serikali iliyo St. Louis, jimbo la Missouri. Akishazipata, ndipo ataona jeshi liliandika nini juu yake, na ajibu hilo.

Kisha aandike maelezo yake mwenyewe, kwa mpangilio wa tarehe, akikubali makosa yaliyo yake. Aambatanishe barua ya daktari au mshauri wa afya ya akili, kama ugonjwa ni sehemu ya habari. Aongeze barua za askari wenzake walioona, na ushahidi wa maisha yake tangu alipotoka: barua ya mwajiri, vyeti vya shule, barua ya mchungaji wa kanisa analoshiriki kule, na ya pale anapojitolea.

Kazi yetu huku nyumbani

Hapa ndipo wengi wetu tunadhani hatuna nafasi, kumbe tunayo.

Angalieni swali la pili kati ya yale manne: je, tatizo lilikuwapo wakati wa utumishi? Askari kijana mara nyingi hakwenda kwa daktari wa jeshi, kwa kuogopa kuitwa mdhaifu. Lakini alimpigia simu dada yake. Alituma ujumbe usiku akisema halali. Alituma sauti akilia. Ujumbe huo una tarehe. Unaweza kuonyesha kwamba alikuwa mgonjwa mwezi ule alipofanya kosa, na kwamba hakubuni habari baada ya miaka mitano. Basi tusifute ujumbe wala sauti hizo, na tusibadilishe simu bila kuzihifadhi.

Mzazi, ndugu au mchungaji anaweza pia kuandika barua ya ushuhuda. Iwe ya ukurasa mmoja au miwili. Aseme yeye ni nani, amemjua kijana tangu lini, na ameona nini kwa macho yake au kusikia kutoka kwake: alikuwaje kabla ya kwenda, alibadilika lini, amekuwaje tangu aliporudi uraiani. «Ni kijana mzuri mwenye kumcha Mungu» ni maneno mazuri, lakini hayajibu swali. «Kila Jumapili alikuwa anapiga simu, tangu mwezi wa nne wa mafunzo akaacha, na alipopiga alisema anaogopa kulala» ni ushuhuda. Barua iwe na tarehe na saini. Ikiandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa, iende pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Tunaonya juu ya mambo mawili. La kwanza, tusiongeze chumvi. Kijana huyu ana dosie ya ukimbizi, yenye majina, tarehe za kuzaliwa na habari ya vita tuliyopitia. Barua yetu ikipingana na dosie ile, tutamletea shida kubwa kuliko ile anayotaka kutoka. La pili, tukiandika juu ya mateso aliyoyaona akiwa mtoto, barua ipite kwanza kwa avoka wake. Inaweza kumsaidia, lakini inaweza pia kuzusha swali kwamba aliwaficha ugonjwa siku ya kuandikishwa. Avoka ndiye ajue iende au isiende.

Msaada na walaghai

Mabaraza hayalipishi ombi. Vyama vya waliokuwa askari kule, kama American Legion na Disabled American Veterans, vimekuwa vikiwasaidia waombaji bure, na vyuo vikuu kadhaa vya sheria vina ofisi zinazochukua kesi hizi bila malipo. Avoka wa kulipwa wapo, nao ni halali, lakini hakuna avoka wa kweli anayeahidi ushindi. Mtu akiwapigia simu huku Bukavu au Uvira akisema anamjua mkubwa wa baraza, na kwamba mkichanga dolari mia kadhaa karatasi itabadilika, huyo ni mwizi.

Wakikataa

Wengi hukataliwa mara ya kwanza. Barua ya kukataa hueleza sababu, na sababu hizo zinaonyesha kilichokosekana. Aliyekataliwa na baraza la kwanza anaweza kwenda kwa la pili. Akipata ushahidi mpya anaweza kuomba lisikilize tena, na mwishoni kuna mahakama ya serikali.

Historia ya nchi ile inaonyesha kwamba hata makosa makubwa ya jeshi yamesahihishwa, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1906, baada ya risasi kupigwa usiku katika mji wa Brownsville, Texas, rais Theodore Roosevelt aliwafukuza askari weusi 167 bila mashitaka wala hukumu. Mwaka 1972 jeshi likageuza karatasi zao kuwa za heshima. Dorsie Willis, aliyekuwa bado hai na mzee sana, alipewa dolari elfu 25. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ya kung'arisha viatu. Mwaka 2023 jeshi likafuta hukumu za askari weusi 110 wa ghasia za Houston za mwaka 1917, ambao 19 kati yao walinyongwa. Kumbukumbu zao sasa zinasema walitumika kwa heshima. Karibu wote hao walikwisha kufa wakiwa na neno baya juu ya majina yao. Jamaa zao ndio waliohifadhi barua na kuendelea kuuliza.

Mtoto wetu hahitaji kungoja hivyo. Lakini miaka 15 inapita upesi kwa mtu anayejificha. Kama katika familia yenu yuko mmoja aliyenyamaza tangu atoke jeshini, mpigieni simu wiki hii. Msianze kwa kuuliza kwa nini alitoka. Mwulizeni kwanza kama ana nakala ndefu ya DD-214, na imeandikwa tarehe gani.